Karatasi Ilisema Saratani, Jicho la Daktari Likakataa

Mimi ni mkalimani wa kanisani. Mhubiri anahubiri kwa Kiingereza au Kidholuo, nami nasimama ubavuni mwake nikiyatoa kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, na akipandisha sauti nami sina budi kuipandisha, maana neno zito likitafsiriwa kwa unyonge halimfikii mtu aliyekaa nyuma. Hapa Kisumu mikutano ya injili ya uwanjani haikauki. Siku za juma nafanya kazi kwenye kaunta ya chama cha akiba na mikopo, kuwaeleza wanachama habari za riba na marejesho kuanzia asubuhi hadi jioni. Kazi zote mbili zinakula koo.

Kwa hiyo sauti yangu ilipoanza kukwaruza, kila mtu alikuwa na maelezo yake tayari. Pasta alisema nimechoka, nipumzike. Wenzangu kazini walisema ni vumbi la kiangazi. Mamangu alinichemshia tangawizi na ndimu, akanikataza maji ya baridi. Kwenye duka la dawa nilipewa vidonge vya kumung'unya, baadaye antibiotiki. Zahanati wakasema ni asidi ya tumbo inayopanda usiku hadi kooni, nikaandikiwa omeprazoli na kuambiwa niache pilipili na nisile usiku sana. Nilifuata yote hayo. Sikuwa na maumivu, sikuwa na homa, nilikuwa nikimeza chakula bila shida. Sauti tu ndiyo iliyokuwa ikikatika katikati ya neno, hasa nikiipandisha, na ikifika jioni inabaki pumzi tupu.

Jambo hili nalisema kwa uzito kwa sababu linawahusu walimu, wachuuzi, makanga, waimbaji wa kwaya na wengine wengi wanaokula kwa sauti zao. Madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani walitoa mwongozo mwaka 2009 kwamba sauti iliyoharibika isipopona ndani ya miezi 3, mgonjwa aangaliwe zoloto, yaani sehemu ya koo yenye nyuzi za sauti. Walipoupitia upya mwaka 2018 waliupunguza muda huo hadi wiki 4. Mwongozo huohuo unasema mgonjwa asiandikiwe dawa za asidi kwa sababu ya sauti tu kabla hajaangaliwa, na antibiotiki zisitolewe ovyo. Mimi nilimezeshwa vyote viwili na watu ambao hawakuwa wameona chochote kooni mwangu. Siwalaumu watu wa zahanati, kwani hawakuwa na kamera. Lakini mtu asiye na kamera anaweza kuandika barua ya rufaa, na hiyo barua ndiyo niliyoihitaji kuliko dawa zote.

Kuangaliwa kwenyewe si jambo la kutisha. Unapuliziwa dawa ya ganzi puani, inashuka kooni ikiwa chungu, kisha daktari anapitisha mrija mwembamba wenye kamera kupitia pua hadi nyuma ya ulimi. Anakwambia useme "iiii", uvute pumzi, useme tena. Basi. Kwa mara ya kwanza niliziona nyuzi zangu za sauti kwenye skrini, mbili, nyeupe, zikifunguka na kufunga. Za mwanamke hugongana takriban mara 200 kwa sekunde moja akiongea. Nilisoma baadaye kwamba mwaka 1854 mwalimu wa uimbaji, Manuel García, Mhispania aliyekuwa akifundisha London, alikuwa ziarani Paris alipopata wazo la kuweka kioo cha daktari wa meno nyuma ya koo lake na kukimulika kwa mwanga wa jua, akaziona nyuzi zake mwenyewe zikifanya kazi. Hakuwa daktari, alikuwa mtu wa sauti aliyetaka kujua sauti inatoka wapi. Habari hiyo inanifurahisha mpaka leo.

Kwenye uzi wangu wa kushoto, sehemu ya nyuma, palikuwa na kinundu. Kilikuwa laini juu, rangi ya manjano iliyopauka, kama milimita 6 hivi. Kila nyuzi zilipotaka kufunga, kinundu kilizizuia, na hewa ikapita pembeni. Hiyo ndiyo mikwaruzo yote iliyokuwa ikisingiziwa vumbi.

Hospitali ya kwanza, ambayo sitaitaja, ilinilaza kwa nusukaputi ikachukua vipande vidogo vya kupima. Majibu yalipotoka yalisema kasinoma ya seli bapa, yaani ile saratani iliyo ya kawaida zaidi kwenye zoloto, inayowapata hasa wavutaji sigara, na pombe ikiongezeka hali inakuwa mbaya zaidi. Sijawahi kuvuta sigara wala kunywa pombe. Nilielezwa mpango: mionzi kwa wiki kadhaa, Jumatatu hadi Ijumaa, na uvimbe usipokwisha, zoloto litolewe. Zoloto likitolewa mtu hupumua kwa tundu shingoni maisha yake yote. Husemi tena kwa nyuzi zako. Wapo wanaojifunza kuongea kwa vali inayowekwa kooni, au kwa kifaa kinachotetemesha shingo, na ninawaheshimu sana, lakini siku ile niliuliza swali moja tu: "Daktari, nitaongea tena?" Jibu lilikuwa la upole na halikuwa na uhakika wowote ndani yake.

Kanisani habari zilienea kabla sijazitangaza. Wako walioniambia niache hospitali, nifunge na kuomba. Pasta wangu namshukuru kwa hili: alisimama mbele ya watu akasema, "Dada yetu tutamwombea, na hospitali ataenda." Mjadala ukaisha hapo.

Kabla ya kuanza mionzi, shemeji yangu alinisisitiza nimwone daktari mwingine wa koo, mama wa makamo. Huyu alikuwa na tabia moja ambayo sasa naitafuta kwa kila daktari: alisoma karatasi, akaiweka chini, kisha akaniangalia upya kwa kamera yake kana kwamba karatasi haipo. Alipomaliza akaniuliza kama nimewahi kuvuta sigara, kama mume wangu anavuta, sauti ilianza kubadilika lini na kwa kasi gani. Halafu akasema, "Mama, nilichokiona na kilichoandikwa hapa havipatani."

Akanieleza. Saratani ya uzi wa sauti mara nyingi hukaa sehemu ya mbele au ya kati ya uzi, na sura yake huwa na ukwaru, mabaka meupe, pengine kidonda. Changu kilikuwa nyuma, kimefunikwa na utando mzima usio na jeraha, na uzi wenyewe ulikuwa ukitembea vizuri. Hakusema karatasi inadanganya. Alisema vitu viwili vinavyopingana haviwezi kuwa kweli vyote, na kabla hatujafanya jambo lisilorudishika, tukatafute ni kipi. Akaandika barua ya kuomba slaidi na bloku.

Wagonjwa wengi hawajui kwamba kipande kilichokatwa mwilini mwao hakitupwi. Kwanza hulowekwa kwenye fomalini kisioze. Kisha hukaushwa na kuzamishwa katika nta, kikawa bloku ndogo ngumu. Bloku hiyo hukatwa tabaka nyembamba mno, kama mikroni 4 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), zikabandikwa kwenye vioo, ambavyo ndivyo slaidi, na kutiwa rangi mbili, zambarau na waridi, ndipo mtaalamu wa patholojia azisome kwa hadubini. Bloku hubaki kwenye kabati la maabara kwa miaka. Ukiiomba kwa barua ya daktari na kutia sahihi, unaweza kupewa uipeleke isomwe na mtu mwingine. Mimi niliibeba yangu mwenyewe, ndani ya kiboksi cha plastiki, kwenye matatu ya Eldoret kupitia Kapsabet, mkoba mapajani, nikiushikilia kwa mikono miwili kwenye kila kona ya Nandi.

Jibu la Eldoret halikusema sina saratani. Lilisema kipande kilichochukuliwa ni utando wa juu peke yake, hakionyeshi kilichopo chini yake, na kwamba mtu asihukumu kwa hicho. Chukueni kingine, cha kina zaidi.

Hapa ndipo kiini cha kisa changu, na nimekisoma sana tangu wakati huo. Kuna uvimbe adimu unaoitwa uvimbe wa seli punjepunje. Unaota chini ya utando, na seli zake zimejaa punje ndogondogo. Ukiwa pale chini, mara nyingi unauchokoza utando ulio juu yake hadi utando wenyewe unene na kushuka chini kwa vidole vidole, na vidole hivyo vikitazamwa peke yake vinafanana sana na saratani inayochimba. Vitabu vya patholojia vinaonya juu ya mtego huu. Daktari akinyofoa juu juu, msomaji wa slaidi anaona vidole bila kuuona uvimbe ulioviotesha. Ni kama kunipa mimi nusu ya sentensi ya mhubiri na kuniamuru niitafsiri yote: nitatoa maneno sahihi yenye maana iliyopotoka.

Kwa hiyo aliyesoma slaidi zangu za kwanza simwiti mzembe. Naijua hata ile fomu iliyoandamana na kipande changu, maana niliomba nakala yake. Iliandikwa maneno machache: jina, umri, "uvimbe kooni". Haikusema kinundu ni laini, wala kiko nyuma ya uzi. Sigara na urefu wa muda havikutajwa. Mtaalamu wa patholojia ambaye hajawahi kumwona mgonjwa anategemea mistari hiyo kujua atafute nini. Angeandikiwa "kinundu laini, nyuma ya uzi wa kushoto, mwanamke asiyevuta sigara, utando mzima", huenda yeye mwenyewe angelitilia shaka jibu la saratani na kuomba kipande kingine. Nawasihi madaktari wanaosoma haya: jazeni fomu ile. Najua foleni ni ndefu. Dakika moja ya kalamu ingeniokoa miezi ya hofu, na ingeweza kumwokoa mwingine zoloto lake.

Mara ya pili yule daktari mama ndiye aliyenifanyia. Nusukaputi tena, mdomo wazi, mrija wa chuma umepitishwa hadi kwenye nyuzi, kinga ya mpira juu ya meno, na hadubini juu ya yote. Safari hii hakunyofoa. Alikitoa kinundu kizima na shina lake, kwa mikasi na visu vidogo vyenye mipini mirefu. Kuna hospitali zinazotumia leza kwa kazi hii, na huko hufunika macho ya mgonjwa kwa pamba iliyoloweshwa maji na kutumia mrija maalumu wa kupumulia kwa sababu leza na oksijeni vikikutana vinaweza kuwasha moto. Kilicho muhimu, alisema, si chombo. Ni kukitoa chote bila kuuchanja uzi zaidi ya inavyolazimu, maana kovu nalo linaharibu sauti. Niliamka ulimi umekufa ganzi upande mmoja na chai haina ladha, hali iliyoendelea kwa muda kisha ikaondoka yenyewe.

Halafu kimya. Nilikatazwa kuongea kwa siku kadhaa, na nikakatazwa kunong'ona pia, jambo lililowashangaza wote nyumbani. Kunong'ona kwa nguvu hukaza misuli ya zoloto. Nilikuwa na daftari na kengele ya mezani. Watoto walilizoea daftari upesi kuliko watu wazima.

Majibu ya pili yalichukua muda kwa sababu maabara ilipaka rangi za ziada. Zinapima protini zilizomo ndani ya seli, na moja yao, inayoitwa S-100, ikishika katika seli hizi inaonyesha asili yake ni seli za Schwann, zile zinazovika mishipa ya fahamu. Yangu ilishika. Uvimbe wa seli punjepunje, usio saratani. Mionzi ingekuwa bure: isingeutibu, na koo lingeungua kwa ajili ya ugonjwa nisiokuwa nao.

Aliyeueleza uvimbe huu kwanza ni mtaalamu wa patholojia wa Moscow, Aleksei Abrikosov, mwaka 1926, yuleyule aliyeupasua mwili wa Lenin, kiongozi wa Wasovieti, mwaka 1924 na kuutia dawa usioze. Yeye alidhani umetokana na misuli, na kwa miaka mingi uliitwa kwa jina la misuli mpaka ilipojulikana kwamba chanzo ni seli za mishipa ya fahamu. Niliposoma hayo nilicheka kwa furaha, maana sisi wa Kisumu hospitali yetu kubwa tunaiita Russia hadi leo, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti.

Uvimbe wenyewe unaweza kuota popote mwilini, lakini karibu nusu huota kichwani na shingoni, na ulimi ndio unaoongoza. Kwenye zoloto ni wachache, na hapo hupenda sehemu ya nyuma ya uzi, palepale ulipokuwa wangu. Huwapata zaidi wanawake kuliko wanaume, na watu weusi zaidi kuliko weupe. Unaogeuka kuwa saratani hauzidi asilimia 2. Lakini usipotolewa wote unaweza kurudi, na kwa baadhi ya watu huota zaidi ya mahali pamoja. Kwa hiyo daktari alinikagua ulimi na ngozi, akaniagiza nikapimwe matiti pia, kwa sababu ukiwa kwenye titi nao huiga saratani hata kwenye picha.

Katika foleni za kliniki nilikutana na mengine. Mama mmoja kutoka upande wa Busia alikuwa na mtoto wa miaka 4 aliyekuwa akitibiwa pumu tangu alipokuwa mchanga, kwa dawa za kuvuta ambazo hazikumsaidia. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza tangu alipoanza kusema. Kamera ilionyesha vinyama vimejaa kwenye nyuzi, papiloma, vinavyoletwa na virusi vya HPV, aina ya 6 na ya 11. Mtoto huvipata kwa kawaida wakati wa kuzaliwa. Hukatwa, huota tena, hukatwa tena. Kenya ilianza mwaka 2019 kuwachanja wasichana wa miaka 10 dhidi ya HPV, shabaha ikiwa saratani ya mlango wa kizazi, na chanjo inayokinga aina nne za virusi hivyo hukinga pia hizo mbili zinazoziba koo la mtoto. Nilimwambia yule mama habari hiyo kwa ajili ya binti yake mkubwa. Mtoto anayekwaruza sauti na kukoroma akivuta hewa, usikubali aitwe wa pumu mpaka mtu aangalie koo.

Sauti yangu haikurudi siku moja. Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache sana nchini, na kumpata mmoja kulichukua subira. Zoezi alilonipa lilikuwa rahisi hata nikalishuku: chupa ya maji nusu, mrija, unapuliza mapovu huku unatoa sauti ya "uuu", ukipanda na kushuka taratibu. Mapovu yanarudisha shinikizo juu ya nyuzi, zinagongana kwa upole. Nilifanya hivyo jikoni, chooni, kwenye gari. Pia alinifundisha kuvuta hewa kabla ya sentensi badala ya kuimalizia kwa koo kavu, na kudai spika ndogo inayonielekea mimi jukwaani. Bila spika hiyo mkalimani hajisikii, na asiyejisikia hupiga kelele. Siku hizi siingii uwanjani bila hiyo, hata waandaaji wakinuna.

Gharama sitazipamba. Wakati huo bima ya afya ya taifa ilikuwa bado NHIF, ililipa sehemu, harambee ya kanisa ikalipa sehemu, na mkopo wa chama changu mwenyewe ukamalizia. Rangi za ziada za maabara nililipa mfukoni. Kati ya fedha zote nilizotoa, hizo ndizo nisizojutia hata shilingi.

Watu wananipigia simu sasa, wengi wao nisiowajua, wakiwa na karatasi mkononi. Sina elimu ya kuwatibu, na nawaambia hivyo. Nawauliza tu: kipande kilichukuliwa juu juu au kwa kina? Daktari aliyeona kwa kamera, na aliyesoma slaidi, wamewahi kuzungumza? Bloku iko wapi? Nawaambia pia kwamba kusomwa mara ya pili si kutafuta jibu tamu. Baba mmoja wa Bondo, fundi seremala aliyevuta sigara tangu ujana, alifuata njia hiyohiyo ya Kapsabet na kiboksi chake, na slaidi zikathibitisha kwamba ni saratani kweli, ikiwa bado ndogo, kwenye uzi mmoja tu. Ikipatikana mapema hivyo, walio wengi hupona. Alianza mionzi bila kupoteza wiki nyingine akibishana na karatasi, akaimaliza, na alinipigia yeye mwenyewe kuniambia.